Nakano Broadway, Tokyo: siku mbili za kumtafuta Grendizer

Kaka yangu ametimiza miaka 50 mwaka huu. Alizaliwa 1975, na Oktoba ya mwaka huohuo ndipo Grendizer, roboti la katuni, alipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani. Alipokuwa na miaka minane, mjomba wetu alimletea kutoka Kuwait mdoli wa Grendizer wa chuma, wenye pembe mbili za njano na ngumi za kufyatuka. Tulipohama Ruwi, mtaa wa Maskati, mdoli ule ukapotea. Miaka arobaini imepita, ameoa, ana watoto wanne, na bado kila mtu wa ukoo anapohama utamsikia: "Yahesabuni makatoni vizuri, msije mkapoteza vitu vya watu kama mlivyonipotezea Grendizer wangu."

Kwa hiyo nilipokwenda Tokyo Novemba hii na mwanawe wa pili, kijana wa miaka kumi na sita, nilikuwa na shughuli moja tu moyoni. Mengine yote, mahekalu, bustani, treni za kasi, yalikuwa ziada.

Waliokulia Ghuba au nchi yoyote ya Kiarabu hawana haja ya kuelezwa Grendizer ni nani. Kwa wengine: ni roboti la vita la katuni za mchoraji wa Kijapani, Go Nagai, linaloendeshwa na mwana wa mfalme aliyekimbia sayari yake iliyoangamizwa, akaja kujificha duniani kwenye shamba la mifugo. Vipindi 74, vilivyokwisha 1977. Beirut ikamtia sauti za Kiarabu mwishoni mwa miaka ya 1970, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na wimbo wa kufungulia ukaimbwa na marehemu Sami Clark. Sisi, watoto wa Kizanzibari tuliohamia Maskati, Kiarabu chetu cha mwanzo kimetoka humo. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, shuleni tuliona haya, lakini mbele ya zile kanda za video za mjomba tulijifunza kusema "dunia", "adui", "rafiki" na "usiogope" kwa Kiarabu kilichonyooka.

Kila tuliyemuuliza alituelekeza Akihabara, mtaa wa Tokyo maarufu kwa maduka ya katuni na midoli. Tulikwenda, ni pazuri, kijana alifurahi, lakini sehemu kubwa ya tuliyoyaona ni vitu vipya: midoli ya mwaka huu, sanamu zilizotoka juzi. Nilimwonyesha muuzaji mmoja mtu mzima picha ya mdoli kwenye simu yangu. Akaitazama kwa muda, akatabasamu, akasema neno moja: "Nakano."

Kufika Nakano, mtaa wenye jengo la maduka liitwalo Nakano Broadway, ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Shinjuku unapanda treni ya haraka ya njia iitwayo Chuo, ile yenye mstari wa rangi ya chungwa, unashuka kituo kinachofuata. Dakika tano hivi. Toka kwa mlango wa kaskazini, na mbele yako utaona mdomo wa Sun Mall, barabara ya maduka iliyoezekwa paa juu, zaidi ya mita 200 kwa urefu. Viatu, dawa, mikate, miwani, chai. Ukishaingia humo mvua haikupati tena. Endelea moja kwa moja, usikate kona, na pale Sun Mall inapokwisha ndipo Nakano Broadway inapoanza. Ukiwa ndani ya ile barabara jengo lenyewe hulioni. Unaona mlango tu, na mlango hauvutii.

Nilisema siku mbili kwa sababu ya kwanza tuliipoteza. Tulifika Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, tukiwa na pupa. Maduka ya wakusanyaji mengi hufunguliwa saa sita mchana na kufungwa saa mbili usiku, na Jumatano baadhi ya yale madogo hayafunguliwi kabisa. Tukazunguka kwenye korido zenye mapazia ya chuma yaliyoshushwa, safu baada ya safu, taa nyeupe za mirija juu ya vichwa, dari fupi. Kijana akaanza kuniuliza, "Shangazi, una hakika ni hapa?"

Lakini sikujutia, kwani siku ile ndiyo niliyolielewa jengo. Lilifunguliwa 1966, na wakati huo lilikuwa jambo kubwa: maduka kuanzia chini ya ardhi hadi ghorofa ya nne, na juu yake, hadi ya kumi, nyumba za kuishi, zenye bustani na bwawa la kuogelea kwenye paa kwa ajili ya wapangaji na wenye nyumba. Watu bado wanaishi huko juu. Asubuhi ile, maduka ya midoli yakiwa yamelala, tuliwaona vikongwe wakishuka na vikapu vya magurudumu kwenda chini kununua samaki. Ndiyo, chini ya ardhi ni soko: samaki, nyama, mboga, vyakula vya kupikwa. Kuna bibi alisimama akachagua figili kwa dakika nzima, akizigeuza moja moja kama mama yangu anavyochagua maembe. Ni jengo la watu, lenye maisha yake, ambalo ndani yake wakusanyaji wamepata pa kukaa. Hilo ndilo lililonifanya nilipende kabla hata sijaona mdoli mmoja.

Hukohuko chini kuna Daily Chico, kiduka cha aiskrimu maarufu kwa koni yake ya ladha nane zilizopangwa moja juu ya nyingine, ndefu kama mkono wa mtoto. Kijana aliimaliza peke yake.

Siku ya pili, Ijumaa, tulijipanga. Asubuhi tulikwenda Tokyo Camii, msikiti mkubwa wa mtindo wa Kituruki ulioko Yoyogi-Uehara, karibu tu na Shinjuku kwa treni ya Odakyu. Kwa kuwa Novemba jua la Tokyo hugeuka mapema, kijana aliwahi sala ya Ijumaa na bado tukafika Nakano mchana ukiwa mbichi. Ninalitaja hili kwa sababu ndani ya Broadway sikuona mahali pa kusalia. Sala uimalize kwanza, maana ukishaingia mle saa zinapotea.

Jambo la kujua kabla ya kupanda: Wajapani huhesabu sakafu ya usawa wa barabara kuwa ni ya kwanza. Wanaposema ghorofa ya tatu, kwa hesabu yetu ni ya pili. Nami humu nafuata hesabu yao, maana ndiyo iliyoandikwa kwenye ngazi. Jambo la pili, ambalo linawachanganya wote: ngazi za umeme za kutokea chini hazisimami ghorofa ya pili. Zinakuchukua kutoka ya kwanza hadi ya tatu moja kwa moja. Ukitaka ya pili, ushuke kwa miguu au utafute ngazi za pembeni. Tulizunguka ghorofa ya tatu tukiamini ni ya pili kwa robo saa nzima.

Mwenye nguvu katika jengo hili ni Mandarake. Mwanzilishi wake, Masuzo Furukawa, alikuwa mchora manga mwenyewe, na 1980 alifungua hapa ghorofa ya pili kijiduka cha kuuza vitabu vya manga vilivyokwisha kusomwa. (Neno hili linanipa raha kila nikilitamka. Kwetu Unguja Manga ni huku Uarabuni tunakoishi, ndiko lilikotoka jina la pilipili manga. Kumbe kwa Wajapani manga ni vitabu vya hadithi za picha. Kijana wa Kimanga akinunua manga.) Kijiduka kile kikazaa kingine, na kingine, mpaka leo Mandarake ina vyumba zaidi ya ishirini vilivyotawanyika kwenye jengo hilihili, kila kimoja na fani yake: hiki kadi, hiki vitabu vya kale, hiki midoli ya chuma, hiki treni ndogo, hiki mavazi, hiki michoro ya katuni. Hakuna aliyevunja kuta akafanya duka moja kubwa. Unatoka chumba kimoja, unapita kwa daktari wa meno au kwa fundi wa saa, unaingia kingine.

Na huo ndio ushauri wangu mkubwa: anzia juu, ghorofa ya nne, uteremke. Juu ni kimya, korido nyingine hata mwangwi wa viatu unausikia, na vitu ni vya kale zaidi. Ukianzia chini utachoka na fedha itakwisha kabla hujafika penyewe.

Huko juu liko duka liitwalo Henya, maana yake ni kama duka la ajabu. Mlangoni wamepanga malango mekundu ya torii, yale ya kwenye mahekalu ya Kishinto, moja nyuma ya jingine, unapita chini yake ndio unaingia. Ndani ni vitu vya zamani sana, na vilivyonishika ni midoli ya bati. Magari, meli, maroboti ya kujazwa kwa ufunguo. Baada ya vita kwisha 1945, Japani haikuwa na malighafi, na mafundi wa midoli walianza tena kazi kwa makopo matupu yaliyotupwa na wanajeshi wa Marekani. Walikuwa wakiyakata, wakayanyoosha, wakayapiga rangi upande wa pili.

Nilisimama mbele ya kigari kimoja cha bati kwa muda mrefu. Binamu zangu wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, walikuwa wakitengeneza magari ya makopo ya mafuta na ya maziwa, magurudumu ya kandambili zilizokatika, usukani wa waya mrefu wa kuongozea huku umesimama. Hakuna aliyewahi kuyaweka kwenye kabati la kioo. Nilimweleza kijana, akaniuliza kama lipo hata moja lililobaki. Halipo.

Mlango mwingine wa ghorofa hiyohiyo ni wa michoro ya katuni, na hapa nataka nikae kidogo. Kabla ya kompyuta kuichukua kazi hii, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kila mwendo wa katuni ulichorwa kwenye karatasi, mistari ikahamishiwa kwenye utando mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, kisha mtu akapaka rangi kwa mkono upande wa nyuma. Wenyewe huita seru. Katuni ya kawaida ya televisheni ya Kijapani ilihitaji michoro kama minane kwa sekunde moja, pale penye mwendo. Piga hesabu ya kipindi kizima. Kazi ikimalizika, nyingi zilitupwa, au kugawiwa, au kuuzwa kwa bei ya chee.

Dada muuzaji alitutolea moja kutoka kwenye mfuko wake, akaishika kwa kingo tu. Kwa mbele ilikuwa uso wa msichana anayegeuka, laini, bila kasoro. Kisha akaigeuza. Nyuma rangi ilikuwa nene, imepanda na kushuka, imepita mistari kidogo hapa na pale, kama rangi ya mafuta kwenye ubao wa mashua. Unaona pale brashi iliposimama na ilipoanza tena. Kwenye kona ya juu palikuwa na herufi na namba, A7, yaani mchoro wa saba wa mwendo ule. Palikuwa na A6 kabla yake na A8 baada yake, na Mungu ndiye ajuaye ziko wapi. Na ilikuwa na harufu ya siki, hafifu. Nilidhani ni sabuni ya dukani. Kumbe plastiki ya aina ile ikizeeka huanza kuoza na kutoa harufu hiyo, na wakusanyaji hunusa kabla ya kununua. Siki ikiwa kali, wacha. Kijana, ambaye maisha yake yote yako kwenye simu, hakusema kitu. Akaniomba tu, "Shangazi, mwambie aigeuze tena."

Hatukuinunua. Ilikuwa yeni 9,000 na mfuko wangu ulikuwa umeshatengwa kwa jambo jingine. Hadi leo naijutia.

Baadhi ya maduka humu si maduka hasa. Ni vikabati vya kioo vilivyopangwa ukutani, kila kimoja kama sanduku la posta, na watu wa kawaida hukodi kikabati, wakaweka vitu vyao na kuandika bei wenyewe. Mwenye kitu hayupo, yupo msimamizi tu. Kwa hiyo usijaribu kupatana bei. Sisi tuliozoea masoko ya Darajani, Unguja, na Mutrah, Maskati, mdomo unawasha, lakini hapa bei iliyoandikwa ndiyo bei, na kuomba kupunguziwa kunamtia mtu aibu asijue aseme nini. Utamu wake ni kwamba kila kikabati ni nafsi ya mtu mmoja. Kimoja kilikuwa na vyura watupu. Kingine kilikuwa na gari moja la zimamoto, rangi na ukubwa kumi na mbili tofauti.

Lakini kwenye sehemu moja ya namna hii ndipo tulipoumia. Kijana alinunua mdoli wa mpira laini, ile aina wanayoiita sofubi, dude la zamani la kuangusha majumba, kwa yeni 3,000. Karatasi ya bei haikusema lolote ila bei. Tulipokaa chini kuuangalia vizuri, mguu mmoja ulikuwa umebandikwa kwa gundi, na gundi yenyewe ya ovyo. Tukarudi. Msimamizi akainama, akaomba radhi kwa upole kabisa, na akatuonyesha bango: kilichouzwa hakirudi. Kisheria hana kosa, na bango lilikuwapo tangu mwanzo. Kosa ninaloliona ni la yule aliyebandika gundi, akajua, akanyamaza.

Nalitaja hili kwa sababu ya kilichotokea baadaye.

Ghorofa ya tatu tulipita penye maduka ya saa, saa za Uswisi zilizotumika za bei ya gari, na sikukaa huko. Tukapita duka kuu la vitabu la Mandarake, kijana akajaza kikapu manga asizoweza kusoma hata neno moja, nyingine yeni 100 na kidogo. Nikamwuliza atazifanyia nini. Akasema ataangalia mikono. Anajifunza kuchora mikono. Nikanyamaza nikamwacha anunue. Kuna vyumba vingine, niwaambie wazi wazazi, vyenye picha na vitabu vya watu wazima tu, na baadhi ya majalada yanaonekana hata ukiwa mlangoni. Wewe tangulia mbele, watoto wafuate nyuma.

Na ndipo, kwenye chumba chembamba cha midoli ya kale, kabati la kulia, rafu ya tatu kutoka chini, nilipomwona.

Nilijua kabla sijasoma. Urefu wake si zaidi ya kiganja na vidole vyake. Pembe mbili za njano, moja imefifia kuliko nyingine, kama iliyoelekezwa dirishani kwa miaka. Rangi nyeusi imechubuka kwenye magoti na chuma cha ndani kinaonekana, kijivu. Hii ni midoli ya kampuni ya Popy, iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ya midoli ya Bandai, waliyoanza kuiuza 1974 kwa jina la Chogokin, maana yake aloi, yaani madini ya kuchanganywa, iliyo bora kupita za kawaida. Madini yenyewe ya hadithi tu. Mdoli umemiminwa kwa aloi ya zinki. Lakini ule uzito! Muuzaji, kijana mwembamba mwenye miwani, alifungua kabati kwa ufunguo, akatandika kitambaa mezani kwanza, akaulaza juu yake, kisha akanionyesha kwa mkono kwamba niuchukue. Ulikuwa baridi na mzito, mzito kuliko unavyotarajia kitu kidogo kuwa. Kiganja changu kiliukumbuka. Nilikuwa na miaka mitano nilipoukamata wa kaka yangu kwa siri, na nilichokumbuka miaka yote ni ule ubaridi.

Karatasi ya bei ilikuwa imejaa maandishi ya kalamu, mistari minne. Kijana akaweka simu juu yake ili itafsiri. Sanduku hakuna. Rangi imetoka magotini na begani. Pembe ya kushoto imefifia. Ngumi zote mbili zipo, za asili. Springi ya ngumi ya kushoto dhaifu, pengine haitafyatuka. Muuzaji alitusubiri tumalize kusoma yote, kisha akachukua kidole chake akagusa kasoro moja baada ya nyingine kwenye mdoli wenyewe, kwa utaratibu wa ile karatasi, akinitazama kila mara kuhakikisha nimeona. Hakuacha hata moja. Alipofika kwenye springi akajaribu mbele yetu: ya kulia ikaruka hadi kwenye kiganja chake, ya kushoto ikatoka nusu ikabaki. Akaniinamia kama kwamba ameidhoofisha yeye.

Bei yeni 24,200. Wakati ule mgeni akinunua kuanzia yeni 5,000 kabla ya kodi, na duka likiwa na utaratibu huo, aliondolewa kodi ya asilimia 10 palepale, basi nikalipa 22,000, kama riali 55 za Oman. Uwe na pasipoti yenyewe. Nakala au picha kwenye simu haifai. Uwe na fedha taslimu pia, kwa sababu vijiduka vingine havipokei kadi. Na usipige picha ovyo, maduka mengi yamekataza, ishara zipo.

Alimfunga Grendizer kwa plastiki ya vipovu, tabaka tatu, ngumi akazitoa akazitia kwenye mfuko mdogo peke yake zisije zikapotea, akaandika juu yake kwa Kijapani. Dakika nane za kufunga. Nyuma yangu palikuwa na watu wawili kwenye foleni na hakuna aliyeguna.

Kama mnataka hukumu yangu kwa ufupi: ukiwa na siku moja tu Tokyo na unataka taa na kelele, nenda Akihabara. Ukiwa na kitu kimoja unachokitafuta, chenye umri, kilichowahi kushikwa na mtu, nenda Nakano, usiende Jumatano, na ujipe kuanzia saa sita hadi jioni. Mwenye miguu mibovu ajue korido ni nyembamba na pa kukaa ni pachache. Sisi tulipumzika Sun Mall, kwenye duka la chai. Chakula cha halali humo ndani sikukipata cha uhakika, tulikula maandazi ya maharage matamu na matunda ya soko la chini.

Njiani, Doha, mashine ya ukaguzi ilisimama juu ya begi langu. Askari, mtu wa makamo, akaniomba nifungue. Akafungua tabaka la kwanza, la pili, zikatokea pembe. Akanitazama. Akauliza kwa Kiarabu, "Huyu ni wa nani?" Nikamwambia ni wa kaka yangu. Akamfunga upya mwenyewe, taratibu, akizipanga pembe zisikunjike, huku akiimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa kufungulia, hadi kiitikio.

Kaka tulimpa baada ya chakula cha mchana, Ijumaa iliyofuata, wote tumekaa chini kwenye mkeka. Hakusema neno. Alimgeuza, akasoma jina la Popy mgongoni, akazipachika ngumi bila kuonyeshwa namna, vidole vikijua njia. Akabonyeza ya kulia. Ikaruka, ikagonga sinia la kahawa, watoto wakapiga kelele. Akabonyeza ya kushoto. Ikatoka nusu ikabaki, kama karatasi ilivyosema.